Damu Haijui Tarehe

Jumatatu tulipimana sisi kwa sisi, watu wa maabara.
Mkono wangu aliushika Elingaya,
akaufunga mpira, akautafuta mshipa kwa kidole,
akanitania: "Kumbe na wewe unafumba macho."

Mirija minne, mililita moja kila mmoja.
Wenye kizibo cha kijivu hauulizwi kitu.
Wa kijani na wa njano inaonyeshwa vipande vya mdudu,
vipande tu, havina meno,
kama shahidi anavyowekewa picha mezani:
huyu, umewahi kumwona?
Wa zambarau unachokozwa bure,
tujue tu kama damu iko macho.

Nikaitikisa mwenyewe. Mara kumi, si kwa hasira, si kwa uvivu.
Kisha kabati la joto, nyuzi thelathini na saba,
usiku kucha.
Saa nane umeme ukakatika Moshi nzima.
Nilikuwa zamu; nilisikia jenereta
ikikohoa mara mbili ndipo ikashika.

Mimi sikohoi. Sikondi.
Jasho langu la usiku ni la Pasua, la Februari, la bati.
Picha ya kifua imetoka safi.
Lakini Jumatano mashine iliandika:
damu yangu inamjua.

Inamjua, ila haijui tarehe.
Haitaji nyumba, haitaji aliyepumua.
Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa nikaanza kuhesabu:
mpishi wa bweni, aliyegeukia ukuta kukohoa
kisha akarudi kwenye uji;
muuza mitumba wa Memorial aliyenipimia koti mgongoni
akanihemea shingoni, "limekukaa, dada";
wote wa dirishani, miaka tisa ya wote wa dirishani;
na nyuma yao, Machame, bibi Ndewaria,
jikoni, ng'ombe upande ule, sisi upande huu,
mimi nimejikunja tumboni pake kama kifundo cha kanga.
"Ni moshi tu," alikuwa akisema,
akijigonga kifua kama anayepiga hodi kwake mwenyewe.
Nyumba ya kuni mbichi, nani angebisha?
Msibani wakasema: presha.

Kihamba waligawana kaka zangu.
Masale yalipandwa mpakani kabla matanga hayajaanuliwa,
migomba kwa Kundaeli, kahawa kwa Aminieli.
Mimi niliambiwa changu nitakikuta kwa mume.
Sasa naisoma karatasi hii kama wosia uliochelewa njiani:
pumzi yake.
Labda.
Imelala pale ambapo hadubini yangu haifiki.

Daktari anasema mdudu amelala, wewe si mgonjwa,
humwambukizi mtu. Wiki kumi na mbili,
dozi mara moja kwa wiki, usiruke.
Nimechagua Jumapili, baada ya ibada.
Mkojo hugeuka rangi ya chungwa;
Elingaya alinionya, bado nilishtuka.
Kila Jumapili namuua kidogo
mgeni aliyelala kwangu pengine miaka thelathini
bila kudai hata maji,
na sitajua kamwe kama ndiye aliyeachwa na bibi
au ni wa yule wa makoti.
Jumapili moja niliushika mfuko wa vidonge muda mrefu.
Nikameza.

Zimebaki nne.

Leo kaja mama wa Majengo na binti wa miaka sita.
Baba mwenye nyumba wao kakutwa nacho.
Mtoto anauliza kama itauma. Kidogo.
Anauliza mbona mirija minne kwa mkono mmoja.
Namwambia: tunaiuliza damu yako kama inamjua mtu.
"Mtu gani?"
Nikatikisa, moja, mbili, tano,
nikapoteza hesabu,
nikaanza tena.